Skrini Ikianza Vioja Baada ya Kuovakloki Laptopu: Tafuta Chanzo Hivi

Swali ni lile lile, litoke Maweni au Shela hapa Malindi: "Kaka, nimeongeza kasi ya kadi ya michoro kidogo tu, sasa skrini inatoa vidoa vya rangi. Nimeiua?" Mara nyingi hujaiua. Ila hiyo "kidogo tu" ndiyo ya kuchunguzwa, na kuchunguza si kusukuma slaida za kasi huku na huku mpaka picha itulie. Kuongeza kasi ya kadi kupita ile ya kiwandani ndiko kuovakloki, na nimeyaandika haya mahali pamoja ili nisiwe naeleza upya kila jioni.

Jambo moja ulishike tangu sasa, kwa sababu miongozo mingi iliyoandikwa nchi za baridi hailitaji hata kidogo. Setingi uliyoipata saa tano usiku wakati wa kusi, dirisha wazi na upepo unaingia, haikuhakikishii lolote saa nane mchana wa kaskazi chini ya bati. Kadi ni ile ile na namba ni zile zile, lakini chumba kimepanda joto na kadi imepanda nacho. Laptopu nyingi ninazoletewa Februari kwamba "zimeharibika ghafla" zilipangwa Julai.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Laptopu yenye kadi ya michoro inayojitegemea, pamoja na chaja yake ya asili. Soma wati zilizoandikwa chini ya chaja. Mashine iliyotoka kiwandani na chaja ya wati 180 ukiilisha kwa ya wati 90 ya kuokoteza, itakuonyesha mambo yasiyohusiana kabisa na ovakloki.
- MSI Afterburner ya kubadilisha kasi, GPU-Z na HWiNFO za kusoma vipimo.
- Unigine Superposition au Heaven ya kuichosha kadi, na OCCT kwa sababu ina jaribio la memori ya kadi linalohesabu makosa lenyewe.
- TV au skrini nyingine yenye HDMI, na kebo yake. Ya kuazima inatosha.
- Daftari na kalamu. Mashine ikiganda, ulichoandika ndani yake hukioni.
- Nakala ya kazi zako kwenye diski nyingine. Kama una video ya harusi ya kukabidhi Jumamosi, funga ukurasa huu, urudi Jumapili.

Kuzisoma alama

Nadharia ni fupi. Afterburner inakupa slaida mbili za maana: Core Clock, yaani kasi ya kiini kinachopiga hesabu, na Memory Clock, yaani kasi ya memori inayohifadhi picha kabla haijafika kwenye skrini. Kila upande ukizidiwa, hulalamika kwa namna yake.

Memori ikizidiwa utaona vidoa vya rangi vikimetameta, miraba midogo iliyopangika safu kwa safu, au ukuta ndani ya gemu unaobadilika rangi ghafla kisha ukarudi. Tazama hasa sehemu zenye rangi moja pana, kama anga au bahari: doa la zambarau linalotokea na kupotea hapo halifichiki.

Kiini kikizidiwa, zinachomoza pembetatu ndefu kutoka kwa mtu au gari na kutoboa skrini nzima. Mara nyingi zaidi huoni doa lolote: picha inaganda, skrini inakuwa nyeusi sekunde chache, gemu inajifunga. Windows huipa draiva ya michoro (programu inayoiendesha kadi) sekunde 2 ijibu. Isipojibu huiua na kuiwasha upya. Fungua Event Viewer (daftari la matukio ya Windows) utafute tukio namba 4101. Ukilikuta kwa saa ile ile skrini ilipokuwa nyeusi, huna haja ya kubishana na mtu.

Na kuna kitu ambacho si kioja hata kidogo. Picha inayokatika mlalo ukizungusha kamera haraka, nusu ya juu ikiwa nyuma ya nusu ya chini, ni fremu (picha moja moja) zinazotoka bila kupatana na skrini. Washa V-Sync, imekwisha.

Hatua zenyewe

1. Rudisha kila kitu sifuri. Bonyeza kitufe cha kurudisha setingi za awali kwenye Afterburner, kisha zima ile ya kuipakia ovakloki Windows inapowaka. Usipunguze nusu "kuona kama itakubali". Sifuri kamili. Kama una programu nyingine ya kampuni iliyotengeneza laptopu nayo inacheza na kasi, izime vilevile. Programu mbili zikishika slaida moja hutajua nani kafanya nini.

2. Washa upya na uikazie macho tangu nembo ya kampuni. Hatua hii watu wanaipita mbio, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Nembo ile inatokea kabla Afterburner haijazaliwa. Vidoa au mistari ikiwa ipo tayari hapo, au ndani ya BIOS (setingi za mashine kabla ya Windows), ovakloki yako ya sasa haihusiki: ni skrini, kebo yake, au kadi yenyewe imeumia. Ikiwa safi pale na safi ndani ya Windows, endelea.

3. Piga skrinishoti kioja kikiwapo, kisha piga picha skrini hiyo hiyo kwa simu. Itume skrinishoti kwenye simu uitazame huko. Doa likiwamo, limechorwa na kadi. Likiwa kwenye picha ya simu tu na skrinishoti ni safi, tatizo liko baada ya kadi: kebo inayopita kwenye bawaba, au kioo. Fungua na ufunge kifuniko taratibu. Mistari ikicheza kwa kufuata mkono wako, mtafute fundi wa skrini na uiache kadi ya watu.

4. Unganisha TV kwa HDMI. Vioja vikitokea kote kuwili, ni kadi. Hapa kuna fumbo dogo: laptopu nyingi zina michoro miwili, ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa na ile kubwa uliyoiovakloki. Kubwa huchora gemu, kisha ndogo ndiyo huipeleka picha kwenye skrini ya laptopu. Kwa hiyo madoa yanayoonekana ukiwa umekaa tu kwenye desktopu, gemu haijafunguliwa na kadi kubwa imelala, yanaweza kuwa ya ile ndogo. Sasisha draiva yake kabla hujamlaumu mwingine.

5. Rudisha namba zako, ila slaida moja kwa wakati. Weka Core Clock ile uliyokuwa nayo na uache Memory Clock sifuri. Endesha Superposition. Kisha geuza: memori ilivyokuwa, kiini sifuri. Utakuwa umejua mkosaji ni yupi. Anayeshusha zote mbili kwa pamoja huipata picha safi bila kujua ni nini kilichoitengeneza, na wiki ijayo yuko pale pale.

6. Tazama joto na sababu ya kubanwa. Fungua GPU-Z, ukurasa wa Sensors, na usome mstari wa PerfCap Reason wakati kadi inafanya kazi. Ikiandika Pwr, kadi imefika ukomo wa umeme iliopewa na mtengenezaji. Kwa laptopu ndilo jambo la kawaida: RTX 3060 ya laptopu hupewa kati ya wati 60 na 115 kulingana na mashine, na slaida ya Power Limit huwa imefungwa. Ikiandika Thrm, joto ndilo linalokubana, na kadi nyingi za laptopu hufika hapo kwenye nyuzi themanini na kitu. Ukiona Thrm, acha slaida, nenda kwenye sehemu ya usafi hapa chini. Kuongeza kasi kwenye kadi inayobanwa na joto ni kujichosha bure.

7. Panda na kiini kwanza. Kadi za RTX hupanda kwa ngazi za megahezi 15, basi panda kwa 15 au 30, si kwa 7 wala 12. Kila ngazi, endesha jaribio dakika kumi ukitazama. Likiganda au pembetatu zikichomoza, shuka 30, siyo 15. Namba ya rafiki yako isikushughulishe: mashine mbili za aina moja zilizonunuliwa duka moja hazilingani, moja itachukua +150 na nyingine itagoma +90.

8. Kisha memori, na hapa macho hayatoshi. Panda kwa 50 hadi 100. Memori za kadi za siku hizi, tangu GDDR5, zina njia ya kugundua data iliyoharibika njiani na kuirudia. Maana yake memori inaweza kuwa imeshazidiwa, picha bado safi, ila inatumia muda wake kurudia kazi. Andika alama (pointi) inazokupa Superposition kila ngazi. Alama zikiacha kupanda, au zikaanza kushuka wakati namba yako inapanda, umeshavuka mpaka. Rudi ngazi mbili. Halafu fungua jaribio la VRAM (memori ya kadi) la OCCT uliache nusu saa. Kosa moja likihesabiwa, ni kosa.

9. Jaribu saa nane mchana. Siyo usiku, siyo baada ya mvua. Funga dirisha kama kawaida yako ukiwa kazini, weka laptopu pale inapokaa siku zote, uendeshe jaribio nusu saa au zaidi. Mchana wa Machi hapa Malindi hufika nyuzi 32 hivi nje, na chumba cha bati hupita hapo. Ikistahimili, usiku ni mteremko. Huna subira ya kungoja kaskazi? Basi ukipata mpaka wako wakati wa kusi, kata megahezi 30 za kiini na 100 za memori uziweke akiba.

10. Hifadhi kama profaili, ila usiiruhusu ijipakie yenyewe. Tumia wiki nzima ukiiwasha kwa mkono. Ikipita salama ndipo uiruhusu ianze na Windows.

Neno moja juu ya namba za memori, kwa sababu linawachanganya wengi. Memori ile ile ya GDDR6 ya 12 Gbps, Afterburner itakuandikia 6000 hivi na GPU-Z itakuandikia 1500. Hakuna aliyekosea, kila mmoja anahesabu kwa njia yake. Lakini ukisoma kwa mtu "+500" bila kujua alitumia programu gani, usiinakili.

Njia ambayo mimi ningeianza

Niseme ukweli wangu: kwa laptopu, tena ya huku pwani, kushusha volti kunalipa kuliko kuongeza kasi. Kama kadi inabanwa na Pwr au Thrm, haikosi kasi, inakosa nafasi ya kupumua. Bonyeza Ctrl na F ndani ya Afterburner, utafunguka mchoro wa volti na kasi. Chagua kasi ambayo kadi yako hufika yenyewe ikiwa na mzigo, iinue ikae kwenye volti ya chini kidogo, kisha lainisha mstari wote uliobaki upande wa kulia uwe sawa. Anza kwa kupunguza milivolti 25, jaribu, punguza nyingine 25. Joto hushuka, feni hupunguza kelele, na mara nyingi fremu huongezeka kwa sababu kadi haishuki tena kasi katikati ya gemu.

Ila fahamu kwamba volti ikipungua kupita kiasi huleta dalili zile zile za kiini kuzidiwa: kuganda, skrini nyeusi, 4101. Hatua zinabaki zile zile. Laptopu nyingine zimefungiwa mchoro huo na mtengenezaji, na nyingi zenye kadi za AMD hazikupi hata slaida. Ikiwa hivyo, basi, usafi ndio ovakloki yako.

Usafi wa mashine ya pwani

Laptopu iliyokaa mwaka mmoja karibu na ufuo, ukiifungua, tazama kati ya feni na zile mbavu nyembamba za kupoza. Si vumbi la kupuliza. Ni utando mzito wa kijivu, mchanga mwembamba na unga wa makuti ulioshikana kwa unyevu wa chumvi, na ukiushika kwa kibano unatoka wote kipande kimoja. Skrubu zimeota weupe, na bomba la shaba limeanza ukijani pembeni. Mashine ya namna hii ukiisukumia +100 unataka nini kwake?

Zima, chomoa chaja, tenganisha waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Toa utando kwa kibano na brashi laini. Feni izuie kwa kijiti unapopuliza, isizunguke ovyo. Usiipeleke kwa wajaza matairi: kompresa zile hutoa maji pamoja na upepo. Pesti ya joto iliyokauka ifute kwa spiriti ya isopropili na upake mpya, kidogo. Zile pedi laini zilizo juu ya chipu za memori, ukizichana tafuta za unene ule ule. Pedi nyembamba kuliko ya awali haigusi chuma cha kupoza, na memori itapikwa bila wewe kujua, kwa sababu laptopu nyingi hazionyeshi joto la memori ya kadi popote.

Makosa yanayojirudia

Kutumia FurMark, programu nyingine ya kuichosha kadi, peke yake na kujitangazia ushindi. FurMark hula umeme mwingi mno, hivyo kadi hujishusha kasi ili isivuke ukomo wake. Umeijaribu kwa joto, hukuijaribu kwa kasi uliyoiweka.

Kujaribu wakati stima inacheza. Ikikatika, laptopu hurukia betri na kadi huporomoka kasi papo hapo. Gemu ikijifunga dakika hiyo, hilo si jaribio, lifute kwenye daftari. Volti ndogo ya jioni haisumbui sana, chaja nyingi hupokea 100 hadi 240. Kinachoua ni ule mshtuko stima inaporudi, kwa hiyo chomoa chaja ikikatika na ungoje itulie.

Kuiweka juu ya godoro au mto. Hili sielezi.

Kuiandikia kadi vBIOS (programu yake ya msingi) ya mashine nyingine ili kufungua ukomo wa wati. Mfumo wa kupoza na njia za umeme za laptopu yako zilipimwa kwa ukomo ule. Ikigoma kuwaka hapo, utahitaji mtu mwenye kifaa cha kuandika chipu kwa mkono, na hao si wengi mjini.

Ikikataa bado

*Skrini imekuwa nyeusi lakini sauti inaendelea.* Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya michoro itaanza upya na skrini itapepesa. Picha ikirudi, shuka ngazi mbili za kiini kabla ya kuendelea.

*Windows ikiwaka tu, inaganda, na ovakloki inajipakia yenyewe.* Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, ingia hali salama (Safe Mode), uondoe Afterburner. Huwezi hata kufika kwenye Restart? Ikatize kuwaka kwa kitufe cha umeme mara tatu mfululizo, Windows itakuletea ukurasa wa kujitengeneza, na njia ya hali salama imo humo.

*Gemu inakufa mwanzoni kabisa, ikipita hapo hucheza saa nzima.* Kadi ikiwa baridi hujipandisha juu zaidi kuliko ikiwa moto, na hapo ndipo inapovuka mpaka. Punguza kiini 15 au 30. Watu hudhani ni joto kumbe ni kinyume chake.

*Safi dakika kumi, vidoa dakika ya kumi na moja.* Hilo ndilo joto. Mara nyingi ni memori au pedi zake.

*Gemu moja tu ina vioja, nyingine zote safi.* Jaribu gemu hiyo kwa sifuri. Vikiendelea, ni gemu au draiva. Futa draiva kwa DDU (programu ya kufuta draiva kabisa) ukiwa hali salama, uweke upya toleo la tovuti ya mtengenezaji wa laptopu au wa kadi.

*Skrini safi, lakini video niliyotoa ina miraba ya kijani.* Memori ya kadi ilikosea wakati wa kuchakata na kosa likaandikwa ndani ya faili. Kwa wanaohariri video za harusi ushauri wangu ni mmoja: memori sifuri. Sekunde utakazookoa hazilingani na kumrudishia bibi harusi faili la pili.

*Sifuri kila kitu, safi kila mahali, draiva mpya, na vidoa bado vipo kwenye skrini zote mbili.* Kadi imeumia, na huenda iliumia kabla yako, hasa kama ni ex-UK (mtumba wa Uingereza) iliyochoshwa na mwingine. Jaribu kushuka chini ya sifuri: memori -200, kiini -100. Ikitulia utapata miezi ya kuitumia huku ukitafuta nyingine. Fundi akikwambia aipige hita chipu "ishike tena", muulize dhamana ni ya muda gani. Kadi iliyopigwa hita huamka, ikacheza wiki kadhaa, kisha vidoa vikarudi pale pale, na safari hiyo ubao umeshakunywa joto. Kama hana chipu mpya wala vifaa vya kuibadilisha vizuri, mlipe ya kuangalia tu, uondoke na laptopu yako. Michoro midogo ya prosesa bado inafanya kazi. Zima kadi kubwa kwenye Device Manager na uendelee na barua pepe, Excel na filamu.